Mwalimu wa Hifadhi Wakati wa Barafu: Kutoka Kibo hadi Kitulo, na Njia ya Tunduma

Mhadhara uliotolewa Tunduma mbele ya walimu, wafanyabiashara wa mpakani na viongozi wa mji. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.

  

Nimeombwa nizungumzie kazi ninayoifanya, ya kufundisha wageni na wanafunzi katika hifadhi za milimani kwa mikataba ya msimu. Lengo langu ni moja na nitalisema mapema, ili atakayelazimika kuondoka kabla ya mwisho aondoke nalo. Nataka kuonyesha kwamba mwelimishaji wa hifadhi anahitajika kuliko wakati wowote katika miezi ya baridi kali, na kwamba kituo chake cha kazi hakiishii langoni mwa hifadhi. Kwa Hifadhi ya Kitulo, kituo kimojawapo kinapaswa kuwa hapa Tunduma.

Najua kuna anayejiuliza: theluji na Songwe wapi na wapi? Mkoa wetu, tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unajulikana kwa kahawa ya Mbozi, kwa joto la Momba na bonde la Ziwa Rukwa, kwa foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo. Theluji haituangukii. Lakini nchi yetu ina mlima wenye barafu ya maelfu ya miaka, na safari ya siku moja kutoka hapa kuna uwanda ambao majani yake huganda usiku wa Juni na Julai. Mazao ya uwanda huo hupita katika mji huu yakiwa ndani ya magunia. Nitaanza na mlima, kisha nitashuka taratibu hadi kwenye magunia.

1. Baridi inahitaji msimulizi

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe ulio juu ya Kilimanjaro, akaandika kuwa ni theluji. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alimkatalia kwa miaka mingi, akishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Ugomvi huo unafundishwa sana. Kinachofundishwa kidogo ni kwamba Rebmann alikuwa na mtu wa kumweleza. Kiongozi wa msafara wake, Mswahili aitwaye Bwana Kheri, alikuwa na masimulizi ya watu waliopanda mlimani kuufuata ule weupe wakidhani ni fedha. Baridi iliwaharibu mikono na miguu, na kilichowapata kikahesabiwa kuwa ni kazi ya majini.

Tutafakari hapo. Bwana Kheri alikuwa na ushahidi sahihi: kuna kitu cheupe, kiko juu, na kinaharibu vidole vya mtu. Rebmann, aliyekulia Ujerumani penye kipupwe, alikuwa na sababu yake: maji yaliyoganda, na nyama ya mwili inayokufa damu isipofika. Mmoja ana habari ya mahali, mwingine ana maelezo ya chanzo. Mwelimishaji wa hifadhi ni mtu anayezishika zote mbili na kuziweka mbele ya msikilizaji mmoja kwa lugha anayoielewa.

Walimu wa Mbozi mnanielewa haraka, kwa sababu mna Kimondo pale Ndolezi. Mtoto akifikishwa mbele ya zile tani zipatazo 16 za chuma na nikeli bila mtu wa kumweleza, ataona chuma kikubwa, atakipanda, atapigwa picha, atarudi kwenye basi. Akielezwa kwamba kitu kile kilitoka nje ya dunia, na kwamba wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi kutoka nje kukiandika mwaka 1930, ataanza kuuliza maswali ambayo mwalimu hawezi kuyajibu yote siku hiyohiyo. Theluji nayo iko hivyo. Mgeni aliyeizoea kwao Ulaya huipita tu, na mtoto wa Kitanzania asiyeijua huishika mara moja, anacheka, anaisahau. Wote wawili wanahitaji mtu wa kuwasimamisha.

2. Somo huanza na mwili

Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe. Mtu yeyote anayepeleka wanafunzi penye baridi ya kugandisha lazima kwanza ajue jinsi baridi inavyoua.

Kila tunapopanda mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Hewa ya pale ina karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu wa Dar es Salaam huivuta, na usiku joto hushuka nyuzi 10 au zaidi chini ya sifuri. Wapandaji huondoka kambi ya Barafu, au kibanda cha Kibo, karibu na saa sita usiku. Wengi hudhani sababu ni kuwahi macheo tu. Sababu nyingine ni kwamba changarawe ya mteremko huwa imeganda usiku na inashika mguu. Jua likishaiyeyusha, kila hatua mbili unarudi moja. Mwelimishaji anayelijua hilo ana somo la fizikia chini ya viatu vya wanafunzi wake.

Mtu anayepoteza joto la mwili huanza kutetemeka. Baadaye hujikwaa, maneno yanamtoka kwa shida, anakuwa mgomvi au anakaa kimya, na kutetemeka kunakoma. Hapo ndipo wasiojua husema, "Amepata nafuu." Amezidiwa. Mwenye maumivu makali ya kichwa, kutapika na kuyumba kwa ajili ya kimo, dawa yake ya kwanza ni kushuka, hata kama kilele kinaonekana. Na penye theluji mbichi kuna hatari ya macho: theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, na mionzi inayounguza huongezeka kadiri unavyopanda. Mtu anaweza kuamka kesho yake hawezi kufumbua macho, wakati jana alikuwa anasifu hali ya hewa nzuri.

Nasisitiza pia habari ya wapagazi. Katika msafara wowote wa Kilimanjaro mwanafunzi wa kwanza wa mwelimishaji anapaswa kuwa mpagazi. Kanuni inaweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, lakini kikomo hakimlindi mtu aliyepanda na raba zilizotoboka na shati moja la pamba. Pamba ikilowa jasho hukaa na maji na kunyonya joto la mwili, wakati sufu ikilowa bado inatunza joto. Maelezo haya ni ya dakika tano, na yameokoa watu.

Walimu wa Tunduma, mna bahati moja hapa. Mkitaka kupeleka darasa Kitulo mwezi Juni hamhitaji duka la vifaa vya kupandia mlima. Nendeni kwenye mitumba asubuhi, mchague sweta za sufu, koti lisilopitisha upepo, soksi mbili kwa kila mtoto na kofia ya kufunika masikio. Kutoka jijini Mbeya hadi uwanda wa Kitulo mnapanda karibu mita 900, kwa hiyo mjiandae kwa hewa yenye baridi zaidi kwa nyuzi 5 au 6 hivi, na upepo juu yake.

3. Ukweli kuhusu barafu ya Kibo

Mwelimishaji penye barafu hujaribiwa sana kusema kitu kinachosisimua. Naomba niwaambie kinachojulikana.

Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya Kilimanjaro ikiwa na eneo la kilomita za mraba 11.4 hivi. Vipimo vya mwaka 2011 vilikuta kilomita za mraba 1.76, yaani asilimia 85 ilikuwa imeondoka. Mwaka 2000 kundi la mwanasayansi Lonnie Thompson lilitoboa barafu ile na kutoa vipande virefu vya barafu ya ndani. Sehemu ya chini kabisa ilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 11,700 hivi. Mwaka 2002 kundi hilohilo liliandika kwamba barafu inaweza kwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulifika, ukapita, na barafu ikawa bado ipo, imepungua, imemeguka vipandevipande.

Kijana anayeongoza wageni aliyekariri kwamba barafu itakwisha 2020 alijikuta ameaibika mbele ya mgeni, na mgeni akahitimisha kwamba hata habari ya kuyeyuka ni uongo. Hasara ya namna hiyo ni kubwa. Ni bora kueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Juu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, mara nyingi hewa ni baridi mno kwa barafu kuyeyuka kawaida, hivyo sehemu kubwa ya kuta zile hugeuka mvuke moja kwa moja katika hewa kavu na jua kali. Theluji mpya ikianguka huwa nyeupe sana, inarudisha mwanga, na barafu ya chini inasitirika. Theluji ikiwa haba, barafu ya zamani hubaki wazi na vumbi lake, inanyonya mwanga, inazidi kupungua. Kwa hiyo mtu akisikia theluji imeanguka Kibo mwezi Aprili, asiharakishe kusema mlima umepona. Na akiona ukuta umemeguka, aulize pia habari za mvua na unyevu wa miaka iliyotangulia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hufundisha kinyume. Maji ya mito ya Kilimanjaro hutoka kwa sehemu kubwa kabisa katika ukanda wa msitu, unaokamata mvua na ukungu. Mchango wa barafu ni mdogo. Mwanakijiji wa Machame anayeambiwa kwamba mfereji wake utakauka kwa sababu barafu inapungua ataketi akisubiri mambo ya dunia nzima yatengenezwe. Akiambiwa kwamba moto umekuwa ukiushusha mpaka wa juu wa msitu, na akikumbushwa moto wa Oktoba 2020 na ule wa Oktoba 2022, ana jambo la kufanya wiki hii. Nalipenda somo hili kuliko yote ya Kilimanjaro, kwa sababu linamwondoa msikilizaji kwenye kupiga picha na kumrudisha kwenye msitu wake.

4. Kitulo inapolala

Sasa tuje kwetu. Panda basi hapa, pita Vwawa, Mlowo, Mbalizi, Mbeya, Uyole, shuka Chimala. Kutoka pale barabara inapanda kwa kona zile zinazoitwa Hamsini na Saba hadi Matamba. Uko mlangoni mwa hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 2005, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 413, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda wake uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mtorwi unafika mita 2,961. Wataalamu wa mimea wameorodhesha pale aina zipatazo 350, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Ni hifadhi ya kwanza katika Afrika ya joto iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea.

Msimu wa maua ni Novemba hadi Aprili. Wageni wanaujua, vitabu vya watalii vinauandika, na kwa sababu hiyo kila mtu anadhani kuanzia Juni hakuna cha kuona. Napingana na dhana hiyo kwa nguvu zangu zote.

Usiku wa Juni na Julai anga la Kitulo huwa halina wingu. Ardhi inatoa joto lake lote juu bila kitu cha kulizuia, hewa iliyopoa inakuwa nzito na kutiririka kwenye mabonde madogo, na alfajiri majani ya mabondeni yamefunikwa sakitu nyeupe huku majani ya mgongo wa kilima, hatua chache juu yake, yakiwa makavu. Mpe mwanafunzi kipimajoto, ashuke na kupanda mwenyewe akiandika namba. Atakuwa ameelewa kwa nini viazi mviringo vya bondeni huungua na baridi na vya mteremkoni hupona. Mzazi wake mkulima amelijua hilo kwa macho miaka yote. Mtoto sasa atalijua kwa sababu yake.

Somo hilo lina saa zake. Jua likipanda, sakitu inayeyuka na ubao wako umefutwa. Kwa hiyo darasa lilale Matamba na liwe uwandani kabla ya mapambazuko. Watoto wapite kwa mstari mmoja nyuma ya mwelimishaji, kwa maana jani lililoganda likikanyagwa linavunjika ndani, na baada ya siku chache utaona nyayo zako zimeandikwa kwa majani makavu. Wengine hudharau hili. Mimi nimelifanya kuwa sehemu ya somo: warudi nyuma waone walivyokanyaga.

Lakini kiini cha Kitulo wakati wa baridi kiko chini ya udongo. Okidi zile za Disa, Satyrium na Habenaria hazijafa. Zimejikusanya katika kiazi kidogo chini ya ardhi, mahali baridi ya usiku haipenyi. Juu ya Kilimanjaro mmea mkubwa aina ya senesio hukunja majani yake kila usiku kuzunguka chipukizi, na majani yaliyokufa hubaki yameuzunguka mti kuutunzia joto. Lobelia hutunza maji kati ya majani yake. Usiku tabaka la juu linaganda, na maji ya chini yanalinda chipukizi lisigande. Hizo zinavumilia juu ya ardhi. Okidi ya Kitulo imechagua kujificha. Kila mwaka mmea hutumia kiazi cha zamani kuinua jani na ua, na wakati huohuo unatengeneza kiazi kipya pembeni kwa ajili ya mwaka unaofuata. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kukutana na kuvu fulani wa udongoni. Kwa hiyo kiazi ndicho akiba yote ya mmea, na ukikiondoa, mbegu hazitakirudisha kwa haraka.

Ndiyo maana nasema msimu wa sakitu unafaa kufundishia kuliko msimu wa maua. Mwezi Januari mwanafunzi anaona rangi, anafurahi, nami nafurahi naye. Mwezi Juni anaona uwanda mtupu wa rangi ya kahawia, na unapomwambia kwamba amesimama juu ya bustani nzima, anatazama miguu yake. Tena likizo ya shule ni Juni. Kalenda yetu imelingana na baridi bila mtu kupanga.

5. Magunia ya Tunduma

Mama zangu wa sokoni, naomba sasa tusogeleane. Sikuja kumlaumu mtu.

Viazi vya okidi nilivyovisema, mji huu unavijua kwa jina la chikanda. Vinakaushwa, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na unga wa karanga, magadi na pilipili hadi viwe kitu kigumu kinachokatwa vipande. Kwa ndugu zetu wa Zambia ni chakula chenye heshima, kinacholiwa nyumbani na kwenye sherehe, na wengi hukila kama nyama. Mahitaji yalipopanda na mimea ya kwao kupungua, biashara ilivuka mpaka. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Oryx, ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Nyanda za Juu Kusini kwenda Zambia kila mwaka. Hofu juu ya biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizoipa nguvu hoja ya kuigeuza Kitulo kuwa hifadhi.

Tangu 2005 kuchimba ndani ya hifadhi ni kosa, na familia nzima ya okidi imo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori. Sheria ipo. Lakini tuangalie ukaguzi ulivyo. Askari wa uhifadhi yuko uwandani, mbali. Ofisa wa mpakani anaona gunia la viazi vikavu vilivyofanana. Hawezi kujua kama vimetoka Kitulo, Ufipa au Njombe. Mnunuzi hajawahi kuona ua la kile anachokinunua. Muuzaji hajawahi kufika. Mchimbaji anajua, ila bei anayolipwa haimruhusu kusubiri. Katika mnyororo mzima huo hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi na mwenzake.

Shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, lina utaratibu wa siku nyingi wa Ujirani Mwema, wa kufanya kazi na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Umefanya mema mengi. Ila jirani wa hifadhi amekuwa akipimwa kwa ramani. Mimi naomba apimwe kwa njia ya bidhaa. Tunduma haigusi mpaka wa Kitulo hata mahali pamoja, lakini kwa habari ya okidi hakuna mji ulio jirani zaidi na uwanda ule kuliko huu tuliomo. Na mwelimishaji ambaye mwezi Juni anafundisha watoto alfajiri uwandani angeweza mwezi Julai kuwa sokoni hapa na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akiwa na picha za maua, kiazi cha zamani na kipya vikiwa bado vimeshikana, na darubini ya mkono ya kuonyesha mbegu. Azungumze Kiswahili, azungumze Kinyamwanga ambacho kinasikika pande zote mbili za mpaka, na awe na msaidizi anayejua Kibemba.

Atasema nini? Asiseme "acheni" akaondoka. Mama anayelisha watoto kwa meza ya chikanda ana haki ya kuuliza atauza nini badala yake, na mwelimishaji asiye na jibu hata la kuanzia anaharibu kazi ya wenzake. Aanze na mambo yanayoweza kukubalika: kwamba kiazi kinachochimbwa kabla mbegu hazijadondoka ni hasara ya miaka mingi, kwamba kila mchimbaji anayeng'oa kiazi cha zamani na kipya pamoja ameumaliza mmea huo kabisa, kwamba muuzaji anayemjua mchimbaji wake anaweza kukataa mzigo fulani. Halafu asikilize. Wauzaji wana taarifa ambazo hakuna mtafiti anazo: mwezi gani magunia yanakuja mengi, viazi vinazidi kuwa vidogo au la, wachimbaji wanatoka mbali zaidi mwaka hadi mwaka au la. Akiyaandika hayo kwa heshima na kwa ridhaa yao, hifadhi itajifunza kutoka sokoni.

Kuna mzee mmoja ameinua mkono anataka kuuliza kuhusu kulima chikanda shambani. Baba, nitakujibu kwa ufupi sasa na kwa kirefu baadaye: tatizo ni yule kuvu wa udongoni. Mahindi unamwaga mbegu yanaota. Okidi inataka mwenzake yule awepo, na kumweka shambani ni kazi ngumu. Vyuo vyetu vinapaswa kuifanya, tena na wakulima wa Makete na Umalila wakiwa watafiti wenza.

6. Mkataba wa msimu

Hapa nitapita haraka. Mtu wa msimu huajiriwa miezi michache, anajifunza mahali, kisha mkataba unaisha na elimu inaondoka naye. Mwaka unaofuata anakuja mgeni kuanza upya. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: warudishwe walewale, na kila mmoja aache daftari la msimu lenye tarehe ya sakitu ya kwanza na ya mwisho, joto la kila alfajiri, ua la kwanza kuonekana baada ya mvua, idadi ya madarasa na maswali yaliyowashinda. Madaftari ya namna hiyo yakikaa ofisini kwa miaka mingi yatakuwa kumbukumbu ya hali ya hewa ambayo Kitulo inaihitaji.

Kuna mfano wa mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Colorado, Marekani, Enos Mills alikuwa akipima theluji ya milima kwa ajili ya serikali ya jimbo, na wakati huohuo akifundisha wageni. Baadaye akawafundisha wengine kazi hiyo, na mwaka 1917 dada wawili, Elizabeth na Esther Burnell, walipewa leseni ya kuongoza wageni katika hifadhi ya Rocky Mountain. Kupima na kufundisha vilikuwa kazi ya mtu mmoja tangu hapo. Na wasichana mliopo hapa, hilo la akina Burnell nimelitaja kwa ajili yenu.

Mbele yetu

Ndugu Mwenyekiti, naomba nimalizie kwa yanayoweza kufanyika kuanzia sasa hadi Juni ijayo.

Shule za Tunduma zichague walimu wawili kila moja, wa sayansi na wa jiografia, wapande Kitulo mwezi Februari wakati okidi zimechanua, wajue sura za kile watakachokifundisha kikiwa ardhini. Halmashauri iiandikie hifadhi barua rasmi kuomba mwelimishaji wa msimu apangiwe hapa kwa mwezi mmoja, na iwe tayari kumpa meza sokoni na chumba cha kulala. Chama cha wauza chikanda, ambacho nimeambiwa baadhi yenu mnafikiria kukiunda, kiwepo kabla hajafika, ili asikutane na mtu mmojammoja. Wenzetu wa Nakonde waombwe kufanya vivyo hivyo upande wao. Vijana mliomaliza kidato cha nne na cha sita mnaopenda kazi hii, jifunzeni majina ya mimea kumi ya uwanda ule kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, na mjifunze huduma ya kwanza kwa mtu aliyepatwa na baridi. Anayekuja kuomba kazi ya msimu akiwa na hayo mawili ataitwa.

Mimi nitakuwa Matamba wiki ya pili ya Juni. Darasa la kwanza litatoka saa kumi na moja alfajiri, na nimeshatenga nafasi kwa ajili ya watoto wa Tunduma na kwa mama wawili wa sokoni watakaopenda kuja nao. Karatasi ya majina iko pale kwa katibu. Sasa nawasikiliza, tukianza na baba aliyeuliza habari ya kulima.